Farasi Aliyejua Kila Geti

Tangu astaafu, Mkurugenzi alikuwa hasalimiwi.

Tuseme ukweli: hakuwahi kuwa mkurugenzi. Alikuwa mkuu wa kitengo cha mabomba katika ofisi ya maji, chumba cha mwisho kwenye korido, ubavuni mwa choo. Lakini jina la utani likimkaa mtu vizuri hulivaa kama koti, naye koti hilo alilifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Enzi zake, akitokea tu mlangoni, watu waliokaa kwenye benchi tangu alfajiri walisimama kama wanafunzi. Wengine walimwamkia mara mbili, wasije wakawa hawakusikika mara ya kwanza. Kiti kilipomtoka, shikamoo nazo zikaondoka na kiti. Sasa akiingia dukani, mwenye duka anaendelea kuchezea simu.

Hilo ndilo lililomkondesha. Si njaa, si maradhi. Alishinda sebuleni chini ya vyeti vyake vya semina, vyote vimetiwa fremu, akiwaza namna ya kuonekana tena. Siku moja jibu likamjia lenyewe: mtu aliye juu ya farasi huangaliwa kwa kuinua kichwa, hata na aliye mrefu kuliko yeye.

"Nanunua farasi," akamwambia mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Hakuinua hata macho kwenye upindo aliokuwa akiushona. "Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wewe, kwa mwili huo, mmoja tu anatosha."

"Cheka. Mambo yote nimeshayazingatia."

"Mambo gani, baba watoto? Meno umeyatazama? Kwato je? Atalala wapi? Nani atazoa mavi, maana mimi wangu nilishawalea nikamaliza. Na kabla ya kuja kwetu alikuwa akifanya kazi gani?"

"Hayo ni mambo ya utekelezaji," alisema Mkurugenzi, na mazungumzo yakafungwa.

Yeye alizingatia kama walivyozoea kuzingatia ofisini. Alikaa kwenye sofa, akajiteua mwenyekiti, akafungua kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya farasi, iende na suti yake ya kijivu. Ya pili ilikuwa jina, akapitisha Mheshimiwa. Ya tatu, uzinduzi. Kwa utaratibu huohuo ofisi yake iliwahi kununua pampu ya buluu, ilingane na nembo. Ilipofika na utepe ukakatwa, ikaonekana haina mahali pa kuunganishia bomba. Basi ikawa inapakwa rangi upya kila mwaka, na kila mwaka viongozi wanapiga picha kando yake.

Dalali alimleta farasi wa kijivu, tumbo limeshuka, macho ya usingizi. Mkurugenzi alimzunguka mara moja, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua miradi.

"Ni mtulivu?"

"Mzee wangu, huyu hata radi ipige sikioni mwake atapiga miayo. Amezoea watu."

"Watu gani?"

"Wa kila namna, bosi. Mji huu hakuna asiyemfahamu." Hapo dalali aliinama ghafla kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa amevaa ndala.

Farasi maarufu! Mkurugenzi aliona bahati imemwangukia mapajani. Hakuuliza umaarufu wenyewe ulitokana na nini. Kwao mtu maarufu haulizwi hivyo.

Jumamosi asubuhi alivaa suti, akapanda juu ya ukuta wa baraza, na kutoka ukutani akajitupa mgongoni mwa Mheshimiwa. Mkewe alikata utepe kwa mkasi wake wa vitambaa.

"Na kushuka?" akauliza.

"Kushuka kumefanyaje?"

"Utashukaje?"

Lakini Mkurugenzi alikuwa ameshafika juu, na watu wakishafika juu swali hilo huwa hawalisikii.

Akashika njia ya mtaa wa chini, kwenye watu wengi. Geti la kwanza, farasi akasimama. Mkurugenzi akampiga kisigino. Kimya. Akavuta hatamu. Farasi akafumba macho.

Geti likafunguka, akatoka mama muuza mkaa na ndoo mkononi na madumu mawili kwapani. "Subira! Jamani tokeni, Subira amerudi!"

Masikio ya farasi yakasimama. Mageti yakaanza kufunguka moja baada ya jingine, wanawake kwa watoto, kila mtu na chombo chake.

Kwa miaka mingi mabomba ya mtaa ule yalikuwa yakikohoa upepo tu. Watu waliishi kwa maji ya mzee mmoja aliyepita na tangi juu ya mkokoteni, na mkokoteni ulivutwa na farasi huyu. Alisimama kila geti bila kuambiwa. Mteja akishapata maji, mzee aligonga kitako cha ndoo, ngo ngo, na farasi akasogea geti linalofuata. Kisha mzee alinunua pikipiki ya magurudumu matatu, inayopita siku ikijisikia, na Subira akaishia kwa dalali. Mji mzima ulimjua. Walioshindwa kumtambua ni wale wachache wa mtaa wa juu, ambao mabomba yao hayakuwahi kukauka na mkokoteni haukuwahi kusimama getini kwao. Dalali si mjinga: huko ndiko alikompeleka.

"Shikamoo, mzee," alisema muuza mkaa, kichwa juu.

Shikamoo! Moyo wa Mkurugenzi ulivimba kama andazi. "Marahaba, marahaba sana."

"Tangi liko wapi?"

"Tangi gani?"

"Si umekuja na Subira?" Mama akakinga jua kwa kiganja, akamtazama vizuri. "Ee! Kumbe ni Mkurugenzi! Jamani, ni yule wa njoo kesho!"

Kicheko kilichozuka kilimwamsha hata farasi, ila hakikumsogeza. "Hasogei mpaka ndoo igongwe kitako!" mtoto mmoja akapaza sauti.

"Mama, naomba unigongee hiyo ndoo niende zangu."

"Umeleta barua ya maombi?"

"Na picha mbili ndogo!" sauti ikadakia ng'ambo.

"Mgongaji hayupo, mzee, ameenda semina!"

Alipochoka kucheka, muuza mkaa akagonga. Subira akatembea kwa heshima zake zote mpaka geti la jirani, akasimama. Mkurugenzi akaomba tena. Geti la tatu aliambiwa faili lake linashughulikiwa. Jua likapanda, tai ikamkaba, miguu ikamfa ganzi. Ukuta wa kushukia haukuwapo.

"Mzee, kupanda mchongoma!" alipiga kelele mmoja.

"Kushuka ndiyo ngoma!" mtaa ukaitikia.

Geti lililofuata lilikuwa la mkunga, aliyewazalisha wanawake katika chumba cha uani. Yeye hakucheka. Benchi la ofisi ya maji alikuwa amelikalia mpaka akalijua misumari. Ndoo aliishika mkononi, ameigeuza kitako juu.

"Mimi sihitaji barua," alisema. "Nataka jibu. Hawa watoto wote unaowaona nimewaosha kwa maji ya kununua, na siku mkokoteni haukupita niliwafuta kwa kitambaa kikavu. Maji yetu yalienda wapi?"

Mkurugenzi akakohoa. "Kama mnavyofahamu, kulikuwa na changamoto za kimiundombinu ambazo..."

"Nimeuliza yalienda wapi. Sijauliza yaliitwaje."

Vicheko vilikatika. Mkurugenzi akatazama chini. Mtaa mzima ulikuwa umeinua vichwa kumwangalia yeye peke yake, hivyo hivyo alivyotamani pale sebuleni, na hakukuwa na pa kuficha uso. Mtu wa chini hujibanza nyuma ya wenzake. Aliye juu ya farasi atajibanza nyuma ya nini?

"Bomba lenu tuliligeuza," alisema, sauti imemshuka. "Tukalipeleka mtaa wa juu. Kwenye bustani za wakubwa."

"Kwenye bustani tu?"

"Na kwangu. Aliyeidhinisha ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyetukana. Mkunga alimtazama kama amtazamavyo mzazi aliyesukuma mara moja akadhani amemaliza.

"Umeanza," alisema, akagonga ndoo.

Subira akasogea. Geti lililofuata seremala alikuwa amesimama na mkewe, ndoo mkononi, mkono mwingine kiunoni. Mkurugenzi alijifuta jasho kwa ncha ya tai. Hakungoja kuulizwa.

"Bomba lenu," akaanza.