Baba Yangu wa Ukurasa wa Pili

Barua ilikuja kupitia sanduku la posta la parokia, maana sisi hatukuwa na sanduku letu. Baba ndiye aliyeileta, akapanda nayo kutoka Mwika kanisani hadi nyumbani bila kuifungua, akanikabidhi, kisha akasimama mbele yangu na kofia mkononi.

"Soma basi," akasema. "Wamekuchukua?"

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na chuo kikuu cha hapa nyumbani nilikikosa kwa pointi moja. Pointi moja, jamani! Nikaomba chuo kidogo huko Marekani kilichokuwa kikitoa ufadhili kamili kwa wanafunzi wachache kutoka nje. Barua ile ndiyo ilikuwa na maisha yangu ndani yake, au ndivyo nilivyoamini nikiwa na miaka ishirini.

Hawakunichukua. Hawakunikataa pia. Waliandika kwamba uamuzi juu ya maombi yangu umeahirishwa hadi mwezi wa nne, na kwamba kwa sasa wangefurahi kama ningeonana na mhitimu wao mmoja anayeishi Moshi mjini. Yeye angenisaili, kisha angewaandikia maoni yake.

"Moshi ipi?" baba akauliza. "Moshi yetu hii?"

Moshi yetu hiyohiyo. Na mhitimu mwenyewe hakuwa Mzungu kama tulivyodhani. Alikuwa yule mama wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye baba alinunua kwake mabati ya jiko letu. Miaka yote tulimwona akipima misumari kwenye mizani, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na hakuna aliyejua kwamba alisoma Marekani. Baba alifurahi mno, kana kwamba nimeshapita. Kwake yeye mtu aliyekuuzia mabati yasiyovuja alikuwa karibu ndugu.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye peke yake aliyenuna. Alikuwa amekaa jikoni akimenya ndizi, akatutaka tumweleze upya, polepole, wamesemaje.

"Wamekuambia ngoja?" akauliza. "Mtu hakuambii ngoja bure. Huyo ana kinyongo. Umewakosea nini?"

"Sijawakosea kitu, bibi. Ni utaratibu wao."

"Utaratibu!" akasema, akainuka kwa kujishika kiuno, akaenda moja kwa moja kwenye ua wa masale.

Kwetu Uchagani isale ni mmea wa mpakani, una majani marefu ya kijani, na kila mtu anao. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale, na yeye akishaletewa hana ruhusa ya kuendelea kukasirika. Watu walioacha kusalimiana miaka kumi wamepatanishwa na jani hilo. Bibi akachuma moja zuri, akalikunja, akalifunga kwa uzi wa mgomba, akanipa.

"Mpe huyo mama. Mwambie bibi yako anaomba yaishe."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilijiona nimevaa sketi yangu ya pasi, nazungumza Kiingereza changu cha kidato cha sita, halafu namkabidhi mhitimu wa Marekani jani! Nikalipokea kwa heshima, nikiwa nimeshaamua kwamba halitafika.

Sasa niseme ukweli ambao sikumwambia bibi. Kosa lilikuwepo.

Chuo kilitaka insha ya kurasa mbili kuhusu maisha yangu. Nami nikamwendea binamu yangu, mpagazi wa mlimani, aliyekuwa akibebea wageni mizigo hadi karibu na kilele. Hakuwa amesoma sana, ila aliongea Kiingereza bila breki, na sisi wote tulimchukulia kama mtaalamu.

"Wazungu nawajua mimi," akaniambia. "Nawapandisha, nawashusha, nalala nao hema jirani. Umeandika nini hapo? Kahawa? Mama anauza ndizi sokoni Mwika? Nani atasoma! Weka simba."

"Simba gani? Mwika hakuna simba."

"Wao wanajua? Weka wawili. Unakutana nao ukienda shule. Na baba yako mtoe. Insha bila msiba haipati ufadhili."

Basi nikaweka simba wawili ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili nikamuua baba kwa malaria, nikiwa darasa la tatu. Nilimlilia vizuri sana, kwa aya nzima. Na aliyeipeleka bahasha ile posta alikuwa baba mwenyewe. Kiingereza hakukijua. Alikibeba kifo chake kwenye mfuko wa ndani wa koti la kanisani, akajipanga foleni, akabandika stempu kwa mate yake. Aliporudi aliniambia amewaomba waigonge mhuri taratibu isije ikachanika.

Siku ya usaili baba akasema ananisindikiza. Nikamwambia hakuna haja. Akasema mtoto haendi kwa watu peke yake, na tena haendi mikono mitupu. Akakata mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, mkungu mkubwa kuliko wote shambani, ule aliokuwa akiulinda kwa ajili ya Pasaka. Njia nzima hadi Moshi nilikuwa nahangaika moyoni: nitamweka wapi mtu huyu? Marehemu gani anabeba ndizi?

Tulipofika nikamwomba anisubiri kwenye benchi lililokuwa barazani mwa duka la jirani. Akakubali. Nikampa na kikapu changu ashike. Jani la isale lilikuwa ndani ya kikapu, nikajipongeza kwa akili.

Yule mama alinipeleka nyuma ya duka, kwenye kimeza kilichozungukwa na makopo ya rangi na mabomba. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniagizia chai. Mbele yake kulikuwa na karatasi mbili zilizokuja kwa faksi. Niliutambua mwandiko wangu nikiwa bado mlangoni.

Akaanza kwa Kiingereza, akitabasamu. Nasoma nini kwa kujifurahisha? Napenda somo gani? Nikajibu vizuri tu. Kila baada ya dakika mbili kijana wa dukani alichungulia kuulizia bei ya bawaba au kitasa, naye akamjibu bila kugeuka. Halafu akavaa miwani.

"Mimi nimezaliwa hapa Moshi," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Mwika nimeenda mara nyingi mno, marehemu mume wangu alikuwa akipeleka huko simenti. Nieleze kuhusu hawa simba."

"Walikuwa..." nikasema. "Walikuwa wa zamani kidogo."

"Wa zamani."

"Ndiyo, mama."

"Walikula migomba?"

Sikujua nicheke au nilie. Na kabla sijachagua, pazia la nyuma ya duka likafunguka, akaingia baba. Mkungu begani, kikapu mkononi, jasho usoni, anatabasamu hadi jino la mwisho.

"Samahani sana, mama," akasema. "Huyu mtoto kasahau salamu za bibi yake." Akautua mkungu sakafuni, akatoa lile jani kikapuni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Yule mama akalipokea. Akamtazama baba, akanitazama mimi.

"Asante. Na wewe mzee ni nani wake?"

"Mimi?" baba akasema, akajinyoosha. "Mimi ndiye baba yake mzazi. Huyu ni kifungua mimba wangu."

Mungu wangu! Niliyaangalia makopo ya rangi yote, moja baada ya jingine. Yule mama akashusha macho polepole kwenye ukurasa wa pili, akausoma tena, akainua kichwa. Nikangoja aseme. Badala yake alisimama, akamsalimia baba kwa Kichaga, tena cha Vunjo safi, cha upande wetu, akamshukuru kwa ndizi, akamwambia kijana amletee mzee chai mbele na kiti kizuri. Baba akatoka akiwa mrefu kuliko alivyoingia.

Pazia lilipotulia, yule mama akaliweka lile jani mezani, katikati yetu.

"Unajua kwa nini chuo kilikuambia ungoje? Waliniandikia kwamba alama zako ni nzuri, lakini insha yako wanaona wameshaisoma kwingine, mara nyingi. Wakaniomba nikutazame kama upo kweli."

Nikaanza kulia. Si kilio kile cha insha, hiki kilikuwa na kamasi.

"Isale naijua," akasema. "Nimeletewa, siwezi kukataa. Simba nimekusamehe." Kisha akalisukuma lile jani kwa kidole hadi upande wangu. "Lakini mimi hukuniua. Hili lipeleke linakotakiwa. Ripoti yangu naiandika Ijumaa. Kama una insha nyingine kabla ya hapo, niletee, nitaituma pamoja nayo."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Tuliteremka garini Mwika mchana, tukashika njia ya kupanda nyumbani kando ya mfereji. Baba alikuwa mbele, anasifia chai aliyopewa, anasifia kiti, anasifia Kichaga cha yule mama. Alikuwa na furaha kiasi kwamba niliona aibu kuivuruga. Nilijiambia nitasema tukifika kwenye daraja. Tukapita daraja. Nitasema kwenye mparachichi. Tukapita mparachichi. Nilipoona moshi wa jiko letu nikajua nikiingia pale sitasema tena maisha yangu yote.

"Baba," nikaita.

Akageuka. Nikapiga goti palepale njiani, nikamnyooshea jani.

Akacheka kwanza. "Si la yule mama hili? Kalikataa?" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. Nikamwambia yote, simba, binamu, insha, bahasha. Maji ya mfereji yalikuwa yanapita na mimi nilitamani yapige kelele zaidi.

Baba alivua kofia, akaivaa tena.

"Nilikufa na nini?" hatimaye akauliza.

"Malaria, baba."

"Lini?"

"Nikiwa darasa la tatu."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Darasa la tatu malaria ilikuwa ya kwako," akasema. "Mvua zilikata barabara, hakuna gari. Nilikubeba mgongoni hadi hospitali. Ulinitapikia shati lote. Hukumbuki?"

Sikuwa nakumbuka. Wallahi sikuwa nakumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Niliuchukua ugonjwa ambao yeye aliniokoa nao, nikamuua nao yeye mwenyewe.

Akalipokea jani, akalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, uleule uliobeba bahasha. "Inuka, utachafua sketi," akasema. "Na usimwambie bibi yako kwamba alikuwa sahihi, hatutalala."

Kesho yake asubuhi nikakaa naye kwenye kihamba chetu, shamba linalozunguka nyumba, kati ya migomba na kahawa, nikamuuliza kila kitu cha siku ile ya hospitali, naye akanisimulia huku akipogoa. Nikaandika. Hakukuwa na simba. Kulikuwa na matope, shati, na mtu aliyeimba nyimbo za kanisa njia nzima ili mtoto asisinzie. Binamu yangu aliposikia alisikitika kweli. "Angalau mngeacha simba mmoja," akasema. Alhamisi nikaipeleka Moshi, na yule mama akaisoma amesimama, kijana wa dukani akiuliza bei ya rangi na asijibiwe.

Mwezi wa nne walinichukua, kwa ufadhili wote. Bibi akawaambia majirani kwamba ni jani lake, na hadi leo sina hoja ya kumpinga.

Siku ya kuondoka baba alinisindikiza hadi uwanja wa ndege na koti lake la kanisani. Mimi nilikuwa nalia tu. Yeye alinirekebishia kola, akanishika bega.

"Ukifika," akasema, "waambie baba yako anawasalimu."