Kibali Kilichobaki Kwenye Pasipoti ya Zamani

Nichekeni tu, nimestahili. Pale Shelui nina steshenari, na kwa mdomo wangu mwenyewe nilijiita mtaalamu wa safari.

Mama alipotaka kwenda Shelisheli kumtembelea mdogo wangu Neema, nilimwombea kwa mtandao kibali cha kuingia nchini humo. Kisha bati likavuja, pasipoti ikaloa, akapewa mpya.

"Na kile kibali, mwanangu?"

"Mama, kibali ni viza tu. Beba pasipoti zote mbili." Nilishaona watu wakisafiri na viza iliyobaki kwenye pasipoti ya zamani.

Juzi Neema akalazwa huko, mahututi. Tukakimbilia uwanja wa ndege, Dar.

Binti wa kaunta akampa mama shikamoo, akabonyeza kompyuta.

"Mama, viza hubandikwa kwenye pasipoti, hata ya zamani unaweza kuja nayo. Kibali hiki hakibandikwi popote, kinafuata namba ya pasipoti. Pasipoti ile ya zamani imefutwa, nacho hakipo. Itabidi uombe upya, na ndege hii hutaiwahi. Nani alikwambia kinafaa?"

Nikainama, nikajifanya nafunga begi.

Mama akanishika bega, bado ana fahari usoni.

"Huyu hapa mwanangu. Muulize yeye. Shelui nzima ndiye anayeyajua haya mambo."