Ukoka wa Bibi Veronika

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa siku kubwa. Niliamka asubuhi, nikachukua jembe la mama, nikakwangua nyasi za uani mpaka zikaisha. Basi. Lakini tangu uliponiambia kwamba umepata nyumba yako, na kwamba kabla mvua hazijaanza utaukwangua ua wote ubaki mchanga mtupu, siku hiyo imenirudia. Nimeona nikuandikie kuliko kukuambia kwa mdomo, maana kwa mdomo huwa najitetea.

Tulikuwa tunakaa Mahurunga, miaka ile ya vita ng'ambo ya Ruvuma. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo kwenye mteremko, na chini yetu, hatua kama ishirini, ilikuwa nyumba ya Bibi Veronika. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo. Alivuka mto pamoja na wenzake wakikimbia, na baba yangu akampa kile kipande ajenge. Mwanawe, Tomasi, alibaki huko. Kila aliposikia kuna watu wamevuka, Bibi alifunga kilemba akaenda Kilambo, kivukoni, kuwauliza.

Mvua za mwaka wake wa kwanza zilimtesa, maji ya uani kwetu yalishuka yote kwake. Akamwomba baba ruhusa, akapanda ukoka upande wetu wa juu, pale mpakani. Alikata vipande vyenye mizizi, akavipanga mistari kuukinga mteremko, akavishindilia kwa kisigino kimoja kimoja. Baada ya hapo, kila mvua zilipokaribia, alikuja na panga lake kuukata uwe mfupi, akang'oa ndago zilizojipenyeza, akaziba mapengo kwa vipande vipya, akatia samadi ya mbuzi. Mimi aliniomba niwe namwagia pale maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Aliniambia mwenyewe, "Somoe, huu ndio ukuta wangu wa kwanza. Ule wa udongo ni wa pili." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Sasa uelewe na upande wetu, nisije nikaonekana najilaumu mpaka nadanganya. Kwetu ua safi ulikuwa ule uliofagiwa mpaka ukaonyesha njia za ufagio. Nyasi karibu na mlango zilikuwa maficho ya nyoka, na dalili ya nyumba yenye wanawake wavivu. Mama hakuupenda ule ukoka, ila alinyamaza kwa sababu baba alishasema ndiyo. Na mimi nilikuwa nimeposwa. Wakwe walikuwa waje Jumamosi kutoka Naliendele, watuone nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja mapema kusaidia. Aliuangalia ua, akaniuliza kama nataka kuolewa au nataka kufuga mbuzi, maana majani tayari yapo. Wote wakacheka. Shangazi hakuniambia nikwangue, hilo niliandike wazi. Alitania tu. Jembe nililishika mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, nadhani. Baba alikuwa shambani, Bibi Veronika alikuwa Kilambo. Nisikufiche, nilijua kwamba hayupo, na nilianza mapema ili nimalize kabla hajarudi. Ukoka una mizizi migumu, mwanangu. Unakwangua juu, chini bado unashikilia kama mtu aliyeshika mlango. Nililia kwa hasira, nikachimbua mpaka mzizi wa mwisho, nikauchoma wote kwenye jalala. Halafu nikafagia. Ua uling'aa. Mama alitoka akasimama, akasema tu kwamba kumependeza, na sikumwona tena akiangalia upande ule.

Baba aliporudi jioni alinigombeza, lakini si sana. Aliniambia nikamwombe radhi Bibi akirudi, na tutapanda tena. Nadhani naye wakwe walikuwa wamemjaa kichwani.

Bibi alirudi Ijumaa mchana, miguu imejaa vumbi. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za Kilambo. Akasema Tomasi hakuna aliyemwona. Kisha akaona. Hakupiga kelele. Alisimama pale palipokuwa na ukoka, akapitisha mguu kwenye mchanga uliofagiwa.

"Mjukuu wangu, mbona umeninyoa na msiba bado haujanifikia?"

Unajua kwamba kwao, na kwetu pia, aliyefiwa ndiye hunyolewa kichwa. Nilisema wakwe wanakuja. Akaniambia haya, hilo ni jambo la heri, ila mawingu yalikuwa yanapanda kutoka mtoni. Akaomba nimsaidie jioni ile ile kuchimba mfereji mdogo wa kuyapeleka maji pembeni. Alisema wawili tutaumaliza kabla ya magharibi, na peke yake mgongo hauwezi.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, si kwenye jembe la Alhamisi. Nilikuwa nimesukwa nywele asubuhi ile, nimepakwa mafuta, nguo ya Jumamosi imepigwa pasi. Na ule mfereji ungeuharibu ua wangu. Nikamjibu kwa adabu zote, "Bibi, nitachimba kesho, wageni wakishaondoka."

Akaniangalia kidogo. "Sawa, bibi harusi," akasema, akashuka kwake. Baadaye nilimsikia akichimba peke yake kwa vituo, chap, halafu kimya kirefu, halafu chap. Nilikuwa naosha sahani za wageni. Niliendelea kuosha.

Mvua ilikuja alfajiri. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, nayo iliukuta mteremko hauna kitu. Kulipopambazuka tulikuta mchanga wetu wote umeshuka, mfereji wake mfupi umefukiwa, na ukuta wa nyuma wa nyumba yake umelala ndani. Yeye alikuwa nje, mzima, amejifunika kitenge. Nitakuwa mwongo nisiposema kwamba ukuta ule ulikuwa na ufa tangu zamani, na baba alishamwambia. Labda ungeanguka hata hivyo. Nimejiuliza hilo miaka yote, na sipati jibu la kunipumzisha.

Kilichokuwa chini ya ukuta ni mtungi wa mbegu. Njugu mawe, alizovuka nazo Ruvuma zimefungwa kwenye pindo la nguo, akazipanda, akavuna, akaweka tena, mwaka baada ya mwaka. Alizoea kusema Tomasi akija atakula njugu za kwao. Wiki ile alikuwa azipande zote. Tulizitoa kwenye tope zimevimba. Tulizipanda siku ile ile, mimi na mama na yeye, nywele zangu zikiwa matope. Zikaoza karibu zote. Zile chache zilizochipua, kuku walizimaliza.

Wakwe walifika mchana. Baba mkwe alikuwa kibarua wa mikorosho huko Naliendele, mtu anayeujua udongo. Hakutazama sahani. Aliitazama ile mifereji iliyojichimba uani, akauliza taratibu kama pale hapakuwa na nyasi. Baba akasema zilikuwepo. Mkwe akasema, "Pole zao." Hakuuliza nani alizitoa.

Niliolewa. Bibi Veronika alihamia Kilambo kwa watu wa kwao kabla ya harusi, akasema huko atakuwa karibu zaidi na mto. Sikumwomba radhi kama inavyotakiwa. Nilisema "nisamehe Bibi" wakati tunafunga mzigo wake, haraka haraka, naye akasema "yamekwisha," haraka hivyo hivyo. Baada ya vita kumalizika nilisikia amerudi kwao. Kama Tomasi alionekana, sijui.

Basi mwanangu, sikukatazi kusafisha ua wako. Nakuambia, kabla hujatia jembe, teremka kwanza mpaka kwa jirani wa chini, umuulize nyasi zile zinamsaidia nini. Ukikuta umeshazing'oa, chimba mfereji jioni ile ile, hata kama umesuka, hata kama wageni wako njiani. Ukoka unaota tena. Mimi nilipanda mwingine, na bado naukata mfupi kila mvua zikikaribia, ingawa chini yangu sasa hakai mtu.

Mungu akupe mvua ya kiasi na ua unaoshika maji yake. Na aliye chini yako, mvua ikinyesha, alale usingizi bila kukutaja. Amina.