Siku Niliyobeba Yago kwa Shuka Nyeupe

Nitasema mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka kwa watu wa Seme, maana wao wanaisimulia vibaya na kuongeza chumvi, na mtu akicheka kabla sijamaliza mimi naondoka: ndiyo, ni mimi niliyemuua ndugu yangu Okoth saa nne asubuhi, Okoth akiwa mzima huko visiwani anakula samaki.

Haya. Mama yangu anaishi Seme, mbele kidogo ya Kombewa, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu mvua zianze. Hospitali amekwenda, vidonge amemeza, lakini goti ni lile lile. Mimi huku mjini, Manyatta, ni fundi wa kuchomelea mageti, na mteja wangu mmoja wa Nyamasaria, mama anayeuza dawa za miti shamba, akaniambia, "Ouma, unasumbuka bure, mama yako anahitaji yago." Mti wenyewe (kwa Kiswahili ni mwegea) uko nyuma ya nyumba yake, una maua mekundu yaliyokolea, yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba na asubuhi yamejaa chini, mbuzi wanayala. Tunda lake ni refu kama mkono wangu na zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Unalikata vipande, unakausha, unasaga, unachanganya na samli, unapaka goti asubuhi na jioni. Maganda ya mti unachemsha, unaosha vidonda. "Lakini lisiliwe bichi," akanionya, "litamwendesha mpaka ajute." Akanikatia moja kubwa.

Sasa shida ya yago ni hii. Hapa mjini wanaume wanasema lina dawa nyingine, ya chumbani. (Mnajua. Msijifanye hamjui.) Mwanamume akionekana na yago kwenye pikipiki, hakuna hata mtu mmoja atakayefikiria goti la mama yake, watapiga mbinja kutoka Nyamasaria mpaka Kombewa. Mimi nina jina langu. Kwa hiyo nikapita nyumbani, nikatandua shuka nyeupe kitandani, nikalifunga lile tunda lote, juu mpaka chini, nikafunga fundo huku na huku. Mama sikumpigia simu, nilitaka kumshtukiza. Na nilimshtukiza kweli.

Mvua ilikuwa imenyesha, na tulipoacha lami bodaboda aliyenibeba akakataa kuendelea, ati matope yatamwangusha, nikamwambia maneno ambayo siwezi kurudia hapa, akageuza akaenda zake. Nikatembea. Nikateleza nikapiga magoti, suruali ikachafuka yote, lakini tunda nililishikilia kifuani kwa mikono miwili lisiguse tope. Nilikuwa nimekasirika mpaka macho yanauma. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye njia panda ambapo Mama Risper, jirani yetu, huuza omena, wale dagaa wa ziwani.

"Yawa, Ouma! Mbona peke yako? Umebeba nini?"

Pale ndipo ningesema, "Ni yago, Mama, ni dawa ya goti." Maneno hayafiki kumi. Lakini Mama Risper ana mdomo, na pembeni yake walikuwa vijana wawili wa bodaboda wananiangalia, nikaona aibu.

"Wacha tu, Mama. Ni mambo ya nyumbani."

"Na Okoth? Mnapata habari yake?"

Okoth ni mdogo wangu, mvuvi. Alikuwa amekwenda visiwani wiki mbili, na simu yake ilikuwa imezimika siku nne kwa sababu kule kuchaji ni shida. Mimi nikafikiri huyu mama ameanza udaku wake, nikamjibu kwa hasira, "Habari ya Okoth usiniulize mimi!" nikapita.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili nilizaliwa nalo na bado nililisahau. Kwetu Wajaluo, mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, tunazika tunda la yago mahali pake. Linafungwa kwa nguo, linaletwa nyumbani, linaliliwa, linalala kaburini badala ya mtu. Nimeona likizikwa kwa macho yangu mawili! Na mimi nimepita mbele ya watu, nguo zimechafuka, uso umekunjamana, nimekumbatia kitu kirefu ndani ya shuka nyeupe, naulizwa habari ya ndugu yangu mvuvi nakataa kujibu. Mjinga ni nani hapo?

Nyuma yangu nikasikia kilio. "Uwiii!" Halafu kingine, halafu kijiji kizima. Mnajua nilifanya nini? Nilisikitika. Nikajiuliza, maskini, nani ametutoka leo? Simu ikalia mfukoni, ikalia tena, ikalia mpaka ikachoka, mimi mikono imejaa.

Kufika langoni nikakuta watu wanakimbia kuja kwetu. Akinyi, mke wa Okoth, mimba ya miezi minane, alikuwa ameketi chini kwenye maji ya kufulia, beseni limepinduka. Na Mama alikuwa anakuja mbio kwa goti lile lile lililovimba, anapiga mayowe: "Ouma wuoda, mwanangu, ndio unaniletea Okoth hivi?"

"Mama, ni dawa! Nimeleta dawa ya goti!"

"Mshikeni," mzee mmoja akasema, "akili imeruka. Ni ndugu yake."

Wakanishika! Watu wanne! Napiga kelele kwamba Okoth ni mzima, wananibembeleza, "Pole, pole Ouma, lia tu." Nikaona njia ni moja, niwaonyeshe. Nikafungua shuka. Jamani. Wanawake walipoliona lile yago walijitupa chini, na hata waliokuwa na shaka hawakuwa nayo tena.

Hapo ndipo Akinyi akashika tumbo akalia, na hakikuwa kilio cha msiba. Tukampandisha pikipiki katikati ya wanawake wawili mpaka hospitali ya Kombewa, mimi nyuma kwa pikipiki nyingine, naomba Mungu asinipe kifo cha kweli kwa sababu ya aibu ya shuka. Kwenye benchi la nje nikampigia kila mvuvi ninayemjua na kila nisiyemjua. Saa saba mmoja akamfikishia Okoth simu.

"Ouma, kuna nini huko? Hapa nimeambiwa nimekufa."

Nilikimbia nikamwekea Akinyi simu sikioni. Alisikiliza sauti ya mumewe, akaishika ile simu kwa mikono yote miwili mpaka muuguzi akamwomba aiachie. Uchungu ulitulia. Wakamwambia alale siku tatu bila kuinuka.

Alipoweza kusema, aliniita. "Shemeji, kutoka saa nne mpaka saa saba mimi nilikuwa mjane. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri mtoto nitamwambia nini. Uliulizwa barabarani umebeba nini, na wewe uliona haya."

Nilitaka kumlaumu Mama Risper. Mpaka leo nina hasira naye, mwanamke gani anaua mtu kwa kuangalia shuka! Lakini aliyeulizwa barabarani ni mimi.

Na msidhani iliishia hapo. Wazee wakasema yago lililokwisha kuliliwa haliwezi tena kuwa dawa, wala halitupwi. Likazikwa nyuma ya migomba. Okoth alipofika alisimamishwa nje ya lango mpaka wazee walipomaliza mambo yao ya kumrudisha kati ya walio hai ndipo akaingia kwake, na kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Yaani mimi unanizika kwa shuka ya kitanda, Ouma?" Goti la Mama nalo, baada ya zile mbio, likavimba mara mbili.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Tulipokwenda kumwona, alipitishwa mkono kwa mkono, hata Mama Risper alimbeba, lakini nilipoinyoosha mimi mikono Akinyi alimvuta kifuani.

"Hapana, shemeji. Wewe ukibeba kitu, watu hulia."

Nyumba nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Nilikunja mikono yangu, na nikaapa: siku nyingine nikiulizwa nimebeba nini nitajibu papo hapo, kwa sauti, na anayetaka kupiga mbinja apige mpaka midomo imkauke.