Thomu Chini ya Zege

Nilipokimbia risasi Pemba, kaka yangu alinipokea kwake Edmonton, huko Ulaya. Mwezi wa kumi na moja nikapanda vitunguu thomu mbele ya nyumba yake. Kikongwe wa Kizungu niliyekuwa nikimwogesha kazini, kwenye nyumba ya wazee, ndiye aliyenifundisha: thomu isipopigwa na baridi haigawiki punje.

Kaka akacheka. "Dada wee, huku utavuna barafu!"

Asubuhi moja niliyaacha machipukizi urefu wa kidole. Jioni nikakuta zege bichi; wiki ya pili yake, gari la kaka juu.

"Hapakuwa na kitu pale," akasema.

Aliyaona. Watu hunambia nilaumu ugeni, nilaumu Ulaya. Ulaya haikunifanya kitu. Ni yeye, tumbo moja na mimi, na radhi hajaniomba mpaka leo.