Funguo za Sabuni

Katsuva alihamia Bunia kutoka Butembo mwaka 1972, akaanza kuchonga funguo barazani kwake, katika mtaa wa Bigo. Wateja wengi hawakumletea ufunguo wenyewe. Walileta kipande cha sabuni chenye alama yake, naye akaifuata alama ile kwa tupa, polepole, mpaka chuma kikakubali kufungua.

Mwaka 1983 maduka kadhaa yaliibiwa pasipo mlango kuvunjwa. Ofisi ya zone, iliyotawala mji, ikatayarisha amri: atakayechonga ufunguo kwa alama ya sabuni atafungwa. Kabla ya amri kutiwa mkono, karani aitwaye Denise alitumwa awaulize mafundi itawaumiza namna gani.

Katsuva alimpa kiti, akajibu bila kuficha. Kati ya wateja kumi, saba walikuja na sabuni. Denise akaandika, akamwambia kwamba kwa maelezo kama hayo huenda wakubwa wakailegeza amri.

"Hapana, mama," Katsuva akasema. "Andika itaua kazi yangu. Kisha andika ninaitaka."

Denise akaweka kalamu chini. Ndipo Katsuva akamweleza habari ya Vahwere, mjane aliyeuza vitenge karibu na soko. Mwaka uliopita mwanaume mmoja alileta sabuni, akidai ufunguo ni wa dada yake. Wiki ile ile wezi waliingia kwa Vahwere bila kuvunja mlango, wakamvunja mkono. Tangu hapo Katsuva alimpelekea kuni na maji, na kila aliposhukuriwa alirudi nyumbani bila hamu ya kula. Hakuwa amemwambia kwamba ufunguo ule aliuchonga yeye.

Denise aliandika yote mawili. Amri ikapita, wateja wakapotea, Katsuva akawa anaziba sufuria zilizotoboka. Mwisho siri ikamzidi, akaenda kwa Vahwere, akakiri akiwa amesimama.

Vahwere alikuwa akikunja vitenge. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena.

"Nilijua, Papa Katsuva. Ufunguo waliuacha mulangoni. Nani hapa hajui kazi ya tupa yako?"

Katsuva akamuuliza mbona hakumshitaki.

"Wangefunga weye, wezi wangebaki inje. Tena nilitaka kuona kama utakuja kuniambia, ao utaishia kwa kuni."

Katsuva alilia. Vahwere akamsogezea kigoda, akamwomba ashike ncha ya pili ya kitenge.

Baadaye Katsuva alihamishia tupa zake pembeni ya meza ya Vahwere. Aliyetaka ufunguo ilimbidi alete kufuli lenyewe, na Vahwere ndiye aliyeuliza ni la nani.