Moyo wa Mtoto na Moyo wa Punda

Nakumbuka asubuhi moja huko Faza, mwanangu, miaka ya hamsini, nami sijatimiza miaka ishirini. Mtoto wangu wa kwanza, Mwanaidi, hakuwa na miezi miwili. Nilimlaza ukumbini, amelala fofofo, nikaenda kisimani. Nikawakuta wenzangu wanazungumzia harusi, na harusi ina maneno mengi. Nikasimama.

Niliporudi, mavyaa wangu, Bi Fatuma, mama wa mume wangu, ameshatoka shamba na amempakata mtoto. Mwanaidi alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Nilipompa ziwa akageuza uso. Hapo niliogopa.

"Nimekawia kidogo tu, mama," nikasema.

"Kidogo kwako."

Hakunikemea. Alinishika mkono akauweka kifuani mwa mtoto. Moyo ule ulikwenda mbio, hata sikuweza kuuhesabu. Kisha akanipeleka uani, kwa punda wake, akauweka mkono wangu ubavuni mwa punda, nyuma ya mguu wa mbele. Nikangoja. Ukapiga. Nikangoja tena, ukapiga.

"Moyo wa huyu ukipiga mara moja, wa mwanao umepiga mara tatu," akasema. "Mwenye mwili mdogo wakati wake wakatwa vipande vidogo, na vyote avipita kimoja kimoja. Wewe wasema umekawia kidogo. Yeye amekungoja kutwa nzima."

Kama wasomi watakubali hesabu hiyo, mimi sijui. Ninalojua ni kwamba nilisimama pale, mkono ungali ubavuni mwa punda. Jua lilikuwa moja, ua mmoja, na punda, mtoto na mimi kila mmoja alikuwa na saa yake kifuani. Kuku akapita na vifaranga, nikajiuliza asubuhi yao ina urefu gani. Subhanallah, mwanangu, sikuwahi kuuona ua ule ukiwa mpana namna ile.

Nilikaa na Mwanaidi mapajani, sikumharakisha. Alinyonya baada ya adhuhuri, nami nikalia.

Basi nakuusia: akikungoja aliye mdogo kuliko wewe, usipime kwa saa yako. Neno "nakuja sasa hivi" ni jepesi kinywani mwako, na kwake ni refu. Nenda upesi. Ukichelewa, usimwambie ni kidogo. Muombe radhi, hata kama hajajua kusema.

Mola akujaalie watoto na uwahi kuwafikia, na siku utakayoita wewe, akuletee wa kukuitikia.